Mgonjwa mmoja, namba tatu: kuunganisha sampuli na data ya matibabu kutoka majaribio tofauti ya saratani

Swali

Nasimamia data katika kitengo cha utafiti cha hospitali ya rufaa, Tanzania. Tumeshiriki majaribio matatu ya tiba: mawili ya saratani ya shingo ya kizazi na moja la saratani ya matiti. Kila jaribio lilimpa mgonjwa namba yake na lina hifadhidata yake ya REDCap (programu ya kukusanyia data za utafiti). Friza ya nyuzi −80 ina damu na plazima za majaribio yote, lakini bloku za parafini (vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa ndani ya nta) ziko kabati la patholojia na zina namba za patholojia tu. Tumeombwa tuunganishe vyote ili watafiti waulize maswali yanayovuka majaribio. Tunajua wapo wagonjwa walioshiriki majaribio mawili. Nimeanza kulinganisha majina kwenye Excel, nimekwama. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba nimeunganisha sawasawa?

Jibu

Kwanza simamisha hiyo kazi ya Excel, maana huenda imeshaharibu namba zako bila kukuambia. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, kwa hiyo tano za mwisho hugeuka sifuri na hakuna onyo lolote. Namba ya kichupa 0045 inakuwa 45, 03-07 inakuwa tarehe, na 12E5 inakuwa 1200000. Faili lililokwisha kuhifadhiwa hivyo halitengenezeki, rudi kwenye chanzo. Toa faili la CSV (la maandishi matupu) upya kutoka REDCap, lisome kwa programu ya R au Python, na ulazimishe kila safu yenye utambulisho isomwe kama maandishi, si namba.

Sasa kazi yenyewe. Unachounganisha ni vitu vitatu: mtu, tukio na chombo. Yaani huyu ni nani, sampuli ilichukuliwa lini ukilinganisha na dawa aliyopewa, na kichupa kilichoko mkononi ndicho hasa kilichoandikwa. Timu nyingi humaliza nguvu zote kwenye mtu kisha zikaamini kazi imekwisha. Makosa yanayopotosha matokeo ya utafiti mara nyingi yako kwenye tukio, na huko nitakaa zaidi.

Mtu

Usiigeuze namba ya jaribio lolote kuwa namba ya mtu. Tengeneza namba mpya ya kubahatisha, isiyobeba mwaka, kituo wala herufi za jina, na uiongezee herufi ya ukaguzi kwa kanuni ya ISO 7064 ili anayekosea tarakimu moja au kupishanisha mbili jirani akamatwe papo hapo. Kisha jedwali la ushiriki: namba ya mtu, jaribio, namba ya mshiriki katika jaribio hilo, tarehe ya ridhaa na toleo la fomu ya ridhaa aliyosaini. Mtu mmoja anaweza kuwa na mistari miwili au mitatu hapo. Hilo si kosa. Ndilo jambo unalolitafuta.

Ili kugundua nani ni nani, anza na kinacholingana kikamilifu: namba ya NIDA, au namba ya jalada la hospitali pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Waliobaki utawapima kwa uzito. Njia iliyothibitika ni ile ya Fellegi na Sunter ya mwaka 1969: kila kipengele kina uwezekano wa kulingana kama rekodi mbili ni za mtu mmoja (m), na uwezekano wa kulingana kwa bahati kama ni watu wawili (u). Uzito wa kulingana ni logi ya 2 ya m/u. Uzito wa kutolingana ni logi ya 2 ya (1−m)/(1−u). Jumlisha.

Chukua namba ya simu. Watu hubadili laini, kwa hiyo m tuseme ni 0.6, lakini watu wawili kuwa na namba moja ni nadra, u tuseme 0.0005. Zikilingana unapata karibu +10. Zisipolingana unapoteza 1.3 tu. Mwaka wa kuzaliwa kwa wagonjwa wa miaka 30 hadi 70: m 0.9, u 0.025; kulingana ni +5.2, kutolingana ni −3.3. Jinsia? Katika majaribio ya shingo ya kizazi wote ni wanawake, hivyo haina uzito wowote, iondoe. Hizi ni namba za mfano. Zako zikokotoe kutoka kwenye jozi ambazo tayari una hakika nazo kwa NIDA.

Majina ndiyo yaliyokukwamisha, na si ajabu. Programu nyingi zimejengwa kwa ajili ya jina la ukoo lililoganda mahali pamoja. Majina yetu matatu ni la mtu, la baba na la babu, na karani mmoja huandika yote, mwingine mawili, mwingine huanza na la baba kwa kufuata fomu ya Kizungu. Linganisha majina kama fungu, si kwa nafasi: je, mangapi kati ya matatu yanapatikana upande wa pili? Soundex, kanuni ya kugeuza jina kuwa msimbo wa sauti, iache kabisa. Inashikilia herufi ya kwanza, hivyo Khadija ni K320 na Hadija ni H320, watu wawili tofauti machoni pake. Tengeneza kanuni zako kabla ya kulinganisha: kh na h ziwe kitu kimoja, r na l kitu kimoja, irabu ya mwisho ya Rashidi na Saidi iondolewe, Fatuma na Fatma vilinganishwe, herufi mbili mbili zipunguzwe kuwa moja. Baada ya hapo tumia kipimo cha Jaro-Winkler, kinachoonyesha maneno mawili yanafanana kiasi gani kwa herufi, kwa tofauti ndogo zilizobaki. Na jina lililojaa mtaani lipewe uzito mdogo kuliko jina adimu. Mara ngapi linajitokeza utahesabu kwenye rejista yenu wenyewe. Mwanamke aliyeolewa huenda jaribio moja likawa na jina la baba na lingine jina la mume. Kutolingana kwa jina la pili kusimwangushe peke yake.

Tarehe za kuzaliwa za 1 Januari na 1 Julai zihesabu kama mwaka tu. Mara nyingi siku na mwezi vilijazwa na karani, si na mama mzazi.

Weka mipaka miwili. Juu ya mpaka wa juu, kubali. Chini ya mpaka wa chini, kataa. Katikati, watu wawili wafungue majalada kila mmoja kivyake, kisha walinganishe uamuzi. Usikubali jozi yoyote kwa jina na mwaka peke yake, hata kama programu inaipa alama nzuri. Kuwaacha bila kuunganishwa rekodi mbili za mtu mmoja kunakupunguzia data. Kuwaunganisha watu wawili kunampa mgonjwa dawa ambazo hakunywa na uvimbe ambao si wake, na hakuna mtakwimu atakayeligundua hilo baadaye.

Kazi hii ya majina ifanywe na mtu ambaye haoni matokeo ya tiba wala ya maabara, kwenye kompyuta isiyo na hizo data. Anachotoa ni jedwali la ushiriki lenye namba mpya, basi. Kama vituo viwili vinalinganisha bila kupeana majina, tumieni hashi (msimbo unaokokotolewa kutoka kwenye jina au namba) yenye ufunguo wa siri, HMAC-SHA-256, ufunguo ukitunzwa na mtu wa tatu. Hashi tupu ya namba ya simu haifichi chochote: namba za simu za mkononi za Tanzania zinazoanza na 6 au 7 ni milioni 200 tu, na kompyuta ya kawaida huzipitia zote kwa dakika chache.

Tukio

Hapa tulia.

Neno linalodanganya kuliko yote katika kuunganisha majaribio ni «sampuli ya mwanzo», ile ya kabla ya tiba. Ni ya kabla ya tiba *ya jaribio hilo*. Mgonjwa aliyepewa sisplatini (dawa ya kemo yenye platini) na mionzi katika jaribio la kwanza, ugonjwa ukarudi, akaingia jaribio la pili, sampuli yake ya mwanzo ya jaribio la pili ni ya mtu ambaye uvimbe wake umeshapita kwenye platini. Ukiiweka kapu moja na sampuli za mwanzo za wagonjwa wapya, mtafiti ataona mabadiliko ya jeni na kudhani yalikuwapo tangu awali. Kwa hiyo majina ya mahudhurio yabaki kwenye safu yake kama yalivyo, lakini yasitumike kuunganishia. Jenga mstari mmoja wa maisha ya tiba kwa kila mtu, ukijumuisha upasuaji, mionzi na kemo alizopata nje ya majaribio, na kila sampuli ipewe vitu vitatu vilivyokokotolewa: saa tangu dozi ya mwisho, jina la dawa hiyo, na jumla ya dozi ya kila dawa aliyopokea hadi dakika ile.

Namba ya mzunguko nayo haisafiri kati ya majaribio. «Mzunguko wa 3, siku ya 1» ni siku ya 43 pale mzunguko ulipo wa siku 21, siku ya 57 pale ulipo wa siku 28, na siku ya 15 pale dozi ya kila wiki ilipohesabiwa kuwa mzunguko. Na hizo ni siku za kwenye karatasi. Mgonjwa ambaye chembe nyeupe zilishuka akaahirishwa wiki moja hayupo tena kwenye ratiba. Chukua tarehe halisi kutoka kwenye karatasi ya dawa ya wodi, si tarehe iliyopangwa.

Saa ina mtego ambao ni wa kwetu hasa. Muuguzi anatoa damu saa saba mchana, anaandika 7:00 kwenye mrija. Pampu ya dripu ina saa ya mashine, inaandika kwamba dawa ilianza 09:30. Kompyuta inasoma kuwa damu ilitolewa saa mbili na nusu kabla ya dawa. Ukweli ni saa tatu na nusu baada ya dawa kuanza. Muuguzi huyohuyo akitoa damu saa tatu asubuhi na kuandika 3:00, kosa utaliona mara moja kwa sababu kliniki haijafunguliwa saa tisa usiku. Ile 7:00 haitakustua, maana inaingia akilini. Linganisha saa ya kutoa na saa ya kupokelewa maabara: pengo la kawaida likiwa dakika 40, na mrija fulani una saa sita na dakika 40, umeshalipata kosa. Usiongeze saa sita kwa wote kwa amri moja. Pitia kwa kila fomu na kila kliniki, weka safu ya saa ghafi na safu ya saa iliyosahihishwa, pamoja na sababu na jina la aliyesahihisha.

Saa hizo zina maana kimaabara pia. DNA ya uvimbe inayoelea kwenye plazima hutoweka mwilini kwa saa chache, na mrija wa EDTA (wenye kemikali ya kuzuia damu isigande) uliokaa mezani zaidi ya saa nne hivi kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha plazima huanza kujaa DNA ya chembe nyeupe zinazopasuka, ile ya uvimbe ikazama humo. Kama jaribio moja lilizungusha plazima mara mbili (nguvu ya g 1,600 kwa dakika 10, halafu g 16,000 kwa dakika 10) na lingine mara moja, hizo si sampuli za aina moja. Andika hivyo kwenye jedwali la sampuli, usiziite zote «plazima» ukaishia hapo.

Dozi zihifadhiwe kwa miligramu alizopewa kweli, pamoja na uzito, urefu na kreatinini ya siku ile. Paklitakseli ya miligramu 175 kwa mita ya mraba kila wiki tatu na ya 80 kila wiki haziwezi kukaa safu moja bila miligramu na tarehe. Kaboplatini hutegemea kanuni ya Calvert: miligramu ni AUC (kiwango cha dawa kinachokusudiwa mwilini) mara jumla ya GFR (kasi ya figo kuchuja damu) na 25. AUC ya 5 ni miligramu 500 kwa mwenye GFR ya 75, na 375 kwa mwenye 50. Jaribio lililoandika «AUC 5» tu limekunyima dozi yenyewe.

Vipimo vya ugonjwa vina matoleo. FIGO (mfumo wa kupanga hatua za saratani za uzazi) ya 2018 ilimhamishia mgonjwa wa shingo ya kizazi mwenye mitoki iliyoathirika kwenye hatua ya IIIC. Kwa FIGO ya 2009 mtu yuleyule angeweza kuwa IIB. RECIST (kanuni za kupima kama uvimbe umepungua au umekua) ya 2000 ilipima vidonda hadi 10, ya 1.1 ya mwaka 2009 inapima 5. Mpaka wa HER2 (protini inayopimwa kwenye saratani ya matiti) ulikuwa asilimia 30 ya chembe mwaka 2007, ukarudi 10 mwaka 2013. Omba data ghafi: kipenyo kwa milimita, hali ya mitoki, alama ya 0 hadi 3+ na asilimia ya chembe. Kutoka hapo unaweza kupanga upya wote kwa toleo moja. Kama kilichobaki ni hatua ya ugonjwa peke yake, andika na toleo lake, usikisie.

Chombo

Kila kichupa kiwe na namba yake na namba ya mama yake, yaani mrija au kipande kilikotoka. Bila mnyororo huo, kichupa kilichogandishwa na kuyeyushwa mara mbili kitaonekana sawa na ndugu yake ambaye hajaguswa.

Fanya hesabu ya friza kwa kuskani msimbopau, si kwa kusoma daftari. Kosa la kawaida ni kisanduku kilichorudishwa kimegeuzwa. Katika kisanduku cha 9 kwa 9, A1 inakuwa I9 na B3 inakuwa H7. Visa vya namna hii huja kwa makundi, kwa hiyo ukikuta kichupa kimoja kimekosea mahali, angalia kisanduku kizima kabla ya kusahihisha kimoja. Lebo za karatasi ya kawaida hubanduka kwenye baridi na wino wa kalamu huondoka kwa spiriti. Zilizo hatarini zichapishwe upya kwa kichapishi cha lebo za friza, watu wawili wakiwapo.

Kwenye patholojia, namba ya kesi si namba ya bloku. Kesi moja ina A1, A2, B1, na pengine ni A2 peke yake yenye uvimbe wa kutosha. Andika kila bloku, asilimia ya uvimbe kwa jicho la mwanapatholojia, na muda tishu ilikaa kwenye fomalini. Kwa matiti mwongozo ni fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, saa 6 hadi 72, na tishu iingie humo ndani ya saa moja tangu kukatwa. Kipande cha tishu kilichotoka wilayani kikiwa kimelowekwa siku tano kitakupa HER2 na DNA zisizoaminika, na namba zote zikiwa sahihi.

Sasa uliuliza utajuaje. Karatasi haziwezi kujithibitisha zenyewe. Njia ya kweli ni alama za DNA: SNP (mahali ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana kati ya watu) 24 hadi 50 kwa kila sampuli, zikifanywa kwa watu wote waliounganishwa kwa uzito na wenye sampuli katika majaribio mawili, na kwa sehemu ya wengine iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Chagua alama zinazotofautiana sana kwa watu wa ukanda wetu, maana zilizochaguliwa kwa Wazungu hupoteza nguvu hapa. Data ya Waluhya wa Webuye, Kenya, katika mradi wa kimataifa wa jeni wa 1000 Genomes inasaidia kuchagua. Katika kusoma majibu, usidai ulingano kamili kati ya damu na uvimbe. Uvimbe hupoteza vipande vya kromosomu, hivyo damu yenye AG na uvimbe wenye AA ni jambo la kawaida. Damu AA na uvimbe GG katika alama kadhaa, huyo si mtu mmoja. Aliyepandikizwa uboho mtenge kabisa na kipimo hiki.

Ridhaa, na ruhusa ya kuunganisha

Ridhaa haimfuati mtu, inafuata sampuli. Mama aliyekubali utafiti wa jeni katika jaribio la pili hakuifungua damu aliyotoa kwenye jaribio la kwanza. Kila sampuli ibebe majibu manne kutoka fomu aliyosaini: matumizi ya baadaye, uchunguzi wa jeni, kupelekwa nje ya nchi, kuunganishwa na jalada la hospitali. Pale fomu ilipokaa kimya, jibu ni hapana hadi kamati ya maadili iseme vingine. Hilo linahusu hata kipimo cha SNP nilichotaja juu.

Ruhusa ya wafadhili haitoshi. Kuunganisha ni matumizi mapya, kwa hiyo peleka itifaki yake kwa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na sampuli ikitoka nchini iwe na mkataba wake wa uhamisho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti, na taasisi yenu inapaswa kusajiliwa kwenye Tume husika. Mkiunganisha na kituo cha Kenya, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 upande wa pili.

Mgonjwa akijitoa, mfumo uweze kujibu swali moja ndani ya siku moja: vichupa vyake vyote viko wapi, pamoja na vilivyokwisha kugawiwa. Ndiyo maana funguo ya namba ya mtu haifutwi baada ya kuunganisha, inafungiwa.

Jaribio ambalo makundi ya tiba bado yamefichwa lisiingizwe dawa zake kwenye mfumo huu. Unganisha mtu na chombo, acha safu ya dawa tupu hadi hifadhidata yao ifungwe. Marekani, mtandao wa majaribio ya saratani wa NCTN ulikwenda hatua zaidi: sampuli zinabaki benki za vikundi vyao, mtafiti anaona orodha ya pamoja ya kilichopo, na data ya matibabu hupewa baada ya ombi lake kupitishwa. Mpango huo wa orodha wazi na data iliyofungwa mnaweza kuuiga hata kwa friza moja.

Jambo moja umwambie mtakwimu siku utakayomkabidhi faili. Wagonjwa walio katika majaribio mawili hawakuchaguliwa kwa bahati: ili uingie la pili ilibidi uwe hai baada ya la kwanza. Aliyekufa kati ya majaribio hayo mawili hakuweza kuwamo katika kundi hili. Uhai wao ukihesabiwa tangu siku ya kuingia jaribio la kwanza na kulinganishwa na wengine, wataonekana wanaishi muda mrefu kwa sababu isiyohusiana na dawa wala jeni. Waingizwe kwenye hesabu ya jaribio la pili kuanzia siku walipoingia humo, na katika jumla ya watu wahesabiwe mara moja. Faili lako lazima liwe na tarehe zote mbili za kuingia, na namba moja ya mtu, ili hilo liwezekane.